Upekuzi wa Polisi na Haki ya Raia: Shauri la Kuruma mwana wa Kaniu

Wasikilizaji na wasomaji wetu, katika mazungumzo haya nataka kueleza jambo moja la sheria limpasalo kila mtu kulifahamu, akiwa mtu wa mjini au wa shamba, tajiri au maskini. Nalo ni jambo la upekuzi. Polisi wakiingia nyumbani mwa mtu, au wakimsimamisha njiani na kumtazama mifukoni, na kuchukua vitu wavionavyo, ni nani aliyewapa uwezo huo, na mpaka wake ni upi? Na liko swali la pili, lililo gumu kuliko la kwanza. Ikiwa polisi wameuruka mpaka wa sheria, na katika kuuruka wakaona kitu cha hatia, je, kitu hicho chaweza kuletwa mbele ya jaji kiwe ushahidi?

Swali hili la pili lilizuka hapa kwetu Afrika ya Mashariki, katika nchi ya Kenya, likapelekwa mpaka London, na jibu lililotolewa huko likaingia katika vitabu vya sheria visomwavyo na mawakili wa nchi nyingi. Halikuwa swali la mabingwa wa sheria tu, wabishanao kwa kupenda elimu. Uhai wa mtu mmoja ulitegemea jibu lake.

Uwezo wa polisi ni amana

Kwanza yafaa tuelewane. Polisi wana kazi nzito, na hakuna mtu mwema awezaye kutaka waifanye mikono yao ikiwa imefungwa. Kama mwizi angeweza kuingia nyumbani kwake na mali ya watu, akafunga mlango, na polisi wasiwe na ruhusa ya kuufungua, basi kila nyumba ingekuwa ghala ya wezi. Kwa sababu hiyo sheria za nchi zote huwapa polisi ruhusa ya kupekua.

Lakini ruhusa hiyo si mali ya askari, ni amana aliyowekewa. Na kila amana ina masharti yake. Sheria husema ni nani awezaye kupekua, ni mahali gani, wakati gani, na kutafuta kitu gani. Kwa desturi polisi hutakiwa wapate kwanza hati ya upekuzi kutoka kwa hakimu, nayo hutaja mahali pa kupekuliwa na vitu vinavyotafutwa. Sababu yake ni nyepesi kufahamu. Askari aliye katika kumwinda mwovu ana bidii, na mtu mwenye bidii huona dalili ya hatia hata pasipokuwapo. Kwa hiyo sheria humweka mtu wa tatu katikati, hakimu asiye na haraka, apate kupima kama sababu zatosha. Pale ambapo hapana wakati wa kumwendea hakimu, sheria huruhusu upekuzi bila ya hati, lakini mara nyingi huiweka ruhusa hiyo mikononi mwa mkubwa mwenye cheo, awe mtu wa kuulizwa baadaye.

Habari ya John Entick

Masharti haya hayakushuka kutoka mbinguni. Yalipatikana kwa kushtakiana. Mwezi wa Novemba mwaka 1762 wajumbe wanne wa mfalme wa Uingereza, mmoja wao akiitwa Nathan Carrington, waliingia kwa nguvu nyumbani kwa mwandishi mmoja, John Entick, karibu na London. Entick alidhaniwa kuandika katika gazeti lililowasema vibaya wakubwa wa serikali. Wajumbe wale walikaa nyumbani mwake muda wa saa nne, wakavunja makufuli, wakafungua masanduku, wakasoma barua zake za siri, wakachukua makaratasi mengi. Walikuwa na hati mkononi, lakini haikutoka kwa hakimu. Ilitoka kwa waziri wa mfalme, Lord Halifax.

Entick hakukubali. Aliwashtaki wajumbe wale kwa kumwingilia nyumbani na kuharibu mali yake. Nao wakajitetea kwamba hati kama hizo zimetumika miaka mingi, na kwamba usalama wa nchi wazihitaji. Mwaka 1765 jaji mkuu wa mahakama ile, Lord Camden, alitoa hukumu iliyo maarufu mpaka leo. Alisema kwa maana hii: mtu akiingia ardhi ya mwenzake bila ruhusa amekosa, hata asipoharibu kitu. Akitaka kujitetea, na aonyeshe sheria iliyompa haki ya kuingia. Kama kuna sheria hiyo, itaonekana vitabuni; isipoonekana, basi haipo. Wala desturi ya miaka haiwezi kulifanya kosa kuwa haki, wala neno la usalama wa nchi halitoshi peke yake. Entick akalipwa fidia ya paundi 300.

Hapa sheria ililijibu swali la kwanza: mtumishi wa serikali hana uwezo ila ule aliopewa na sheria. Lakini swali la pili lilibaki bila jibu. Entick alikuwa mdai, hakuwa mshtakiwa. Itakuwaje upekuzi ukiwa batili, na mtu aliyepekuliwa ndiye asimamaye kizimbani?

Risasi mbili

Tarehe 20 Oktoba mwaka 1952 Gavana wa Kenya, Sir Evelyn Baring, alitangaza Hali ya Hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Kanuni kali zikatungwa. Mojawapo ilisema kwamba mtu aonekanaye na risasi bila idhini ya sheria aweza kuhukumiwa kifo. Kanuni nyingine iliruhusu mtu kusimamishwa na kupekuliwa bila hati, lakini ruhusa hiyo ilipewa ofisa wa polisi aliye na cheo cha inspekta msaidizi au zaidi. Askari wa chini hakupewa.

Siku moja Mwafrika mmoja, jina lake Kuruma mwana wa Kaniu, alikuwa akienda kwa baiskeli akafika penye kizuizi cha polisi barabarani. Akasimamishwa, akapekuliwa. Polisi walisema kwamba katika nguo zake walikuta risasi mbili na kisu kidogo cha kukunja. Lakini waliompekua walikuwa askari wa cheo cha chini kuliko kile kilichotajwa katika kanuni.

Kuruma alikana kwamba alikuwa na risasi. Katika mahakama walikuwako wazee wa baraza watatu waliokaa pamoja na hakimu kumshauri. Wote watatu walishauri kwamba mshtakiwa hana hatia. Hakimu hakuufuata ushauri wao, kwa kuwa sheria haikumlazimisha kuufuata, akamtia hatiani na kumhukumu kifo. Kuruma akakata rufani katika Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, akashindwa. Ikabaki ngazi moja tu, Baraza la Faragha la Malkia huko London, lililokuwa mahakama ya mwisho kwa watu wa makoloni.

Hoja ya upande wake ilikuwa hii: kanuni imemtaja mtu awezaye kupekua, waliompekua si watu hao, basi upekuzi ulikuwa kinyume cha sheria, na risasi zilizopatikana kwa njia hiyo hazikustahili kupokewa mahakamani. Na bila risasi hakuna mashtaka.

Uamuzi wa Baraza

Hukumu ilisomwa na Lord Goddard, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Uingereza, nayo imo katika vitabu vya hukumu vya mwaka 1955. Baraza lilisema kwamba jaji akitaka kujua kama ushahidi waweza kupokewa, swali lake ni moja: je, ushahidi huo wahusiana na jambo linaloshindaniwa? Ukihusiana, hupokewa, na mahakama haina haja ya kuuliza ulipatikana kwa njia gani.

Lakini Lord Goddard aliacha mlango mdogo wazi. Alisema kwamba katika kesi ya jinai jaji daima ana hiari ya kuukataa ushahidi, ikiwa kuupokea kwa kuzifuata kanuni bila kulegeza kutamwonea mshtakiwa, mathalan kama ushahidi umepatikana kwa hila. Katika shauri la Kuruma Baraza halikuona sababu ya kuutumia mlango huo. Rufani ikakataliwa.

Hata hivyo wazee wale wa sheria hawakuondoka na mioyo iliyotulia. Kile kisu kilichosemwa kwamba kilionekana pamoja na risasi hakikuletwa mahakamani kamwe. Na watu watatu waliosemwa kwamba waliushuhudia upekuzi hawakuitwa kutoa ushahidi. Mambo hayo Baraza liliyataja waziwazi, likasema kwamba yatafikishwa kwa Waziri wa Makoloni.

Kupima pande mbili

Sasa na tuupime uamuzi huu bila upendeleo. Walioupenda walisema hivi. Kitu hakisemi uongo. Mtu akipigwa apate kukiri, maneno yake hayaaminiki, maana aliyeumia husema lolote ili aachwe; ndiyo sababu sheria hukataa maungamo yasiyotoka kwa hiari. Lakini risasi ni risasi, ikipatikana kwa njia ya halali au ya haramu. Haigeuki kuwa kokwa la tunda. Yakiwako makosa mawili, la mtu na la askari, kila mmoja na aadhibiwe kwa kosa lake: mwenye risasi kwa risasi zake, na askari kwa kuvunja kanuni. Kwa nini kosa la askari limpe mwovu faida?

Hoja hii ina uzito, wala haifai kuidharau. Lakini ina tundu. Ni kweli kwamba risasi haisemi uongo. Lakini risasi pia haisemi ilitoka wapi. Asemaye ni yule aliyeishika mkononi na kudai kwamba aliitoa mfukoni mwa fulani. Na kama kanuni ilitaka mtu huyo awe mwenye cheo, haikutaka hivyo kwa ajili ya fahari ya mabega. Mwenye cheo ana mengi ya kupoteza, ana daftari ya kuandika, na ana jina linalojulikana. Kukiondoa cheo ni kuondoa kinga iliyowekwa ili ukweli upatikane. Tazameni shauri la Kuruma lenyewe: kisu hakionekani, mashahidi hawaitwi, na wazee wa baraza hawaridhiki. Pale pale kanuni ilipovunjwa ndipo shaka ilipoota mizizi.

Na habari ya kumshtaki askari? Entick alipata paundi 300, akazitumia akiwa hai. Lakini mtu aliyehukumiwa kifo atadai fidia lini, naye atazitumia wapi? Wahenga walisema: Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Maana yake ni kwamba hata aliye na hatia ana haki ambayo hatia yake haiifuti, na haki hiyo yapasa apewe kabla ya adhabu.

Nchi nyingine ziliamuaje

Marekani waliifuata njia nyingine. Katiba yao, kwa nyongeza iliyokubaliwa mwaka 1791, huwalinda watu na upekuzi usio wa haki. Mwaka 1914 Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba vitu vilivyochukuliwa kinyume cha katiba na watumishi wa serikali ya shirikisho visipokewe katika mahakama za shirikisho. Lakini mahakama za majimbo hazikufungwa na amri hiyo. Kisha mwaka 1957 polisi wa mji wa Cleveland waliingia kwa nguvu nyumbani kwa mwanamke mmoja, Dollree Mapp, wakimtafuta mtu aliyedhaniwa kuhusika na bomu. Walimwonyesha karatasi wakidai kwamba ni hati, lakini hati hiyo haikuletwa mahakamani. Bomu hawakuliona, waliona vitabu vilivyohesabiwa kuwa vya aibu, wakamshtaki kwa hivyo. Mwaka 1961 mahakama ile kuu iliamua kwamba ushahidi wa namna hiyo haupokewi hata katika mahakama za majimbo. Sababu yao ni kwamba polisi wakijua kuwa matunda ya upekuzi wa haramu hayaliki, wataacha kwenda kuyachuma.

Njia hiyo nayo ina gharama yake, maana mara nyingine mtu mwenye hatia huachiliwa kwa sababu ya kosa la askari. Kwa hiyo nchi nyingi zimetafuta njia ya katikati. Uingereza yenyewe, kwa sheria ya mwaka 1984, imempa jaji uwezo wa kukataa ushahidi ikiwa kuupokea kutaharibu haki katika uendeshaji wa kesi.

Hali ilivyo leo Kenya na Tanzania

Kenya, nchi ya Kuruma, iliweka katiba mpya tarehe 27 Agosti mwaka 2010. Katiba hiyo, katika ibara ya 31, yasema kwamba kila mtu ana haki ya faragha, na hiyo ni pamoja na haki ya kutopekuliwa mwili wake, nyumba yake au mali yake, na kutochukuliwa vitu vyake. Haki hiyo yaweza kupunguzwa, lakini kwa sheria tu na kwa kiasi kinachofaa. Na ibara ya 50 yasema kwamba ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za mtu utakataliwa, ikiwa kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki au kutaudhuru utoaji wa haki kwa njia nyingine. Kwa hiyo jaji wa Kenya wa leo hawezi kusema kwamba njia iliyotumika haimhusu. Yampasa aulize.

Tanzania ina Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985. Humo imeandikwa kwamba ushahidi uliopatikana kwa kuivunja sheria hiyo mahakama yaweza kuukataa. Anayetaka upokewe ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha kwamba kuupokea kutakuwa na manufaa kwa umma bila kuzidhuru haki za mtu kupita kiasi. Mahakama hupima uzito wa kosa, uzito wa uvunjaji wa sheria, na kama ushahidi ule ule ungaliweza kupatikana kwa njia ya halali. Tena sheria hiyo yamtaka askari achukuaye kitu katika upekuzi atoe stakabadhi, yenye sahihi ya mwenye mahali hapo na ya mashahidi. Karatasi hiyo ndogo imeamua kesi nyingi: ikiwapo, huwa nguvu ya polisi, isipokuwapo, shaka huingia.

Raia afanye nini

Yawezekana msomaji auliza: Mimi si mwanasheria, habari hizi zanifaa nini? Zafaa sana. Polisi wakifika mlangoni pako kwa upekuzi, usipigane nao wala usikimbie. Ugomvi wako utakuwa kosa jipya. Waulize kwa adabu ni akina nani na wana cheo gani. Ukiambiwa kuna hati, omba kuisoma, utazame jina la mahali na vitu vinavyotafutwa. Kwa kawaida hati ya upekuzi hutumika baina ya macheo na machweo, ila hakimu akiruhusu saa nyingine. Ita jirani au mjumbe wa mtaa aone kwa macho yake. Ikiwa anayepekuliwa mwilini ni mwanamke, na apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa heshima. Vitu vikichukuliwa, dai stakabadhi, na usitie sahihi orodha usiyoisoma. Na kama waona umeonewa, yaweke moyoni majina, saa na mashahidi, kisha umwambie wakili au hakimu. Mahali pa kulishindania jambo hilo ni mahakamani, si mlangoni.

Na kwa ndugu zetu polisi liko neno pia. Masharti ya upekuzi si adui yao. Askari aliyefuata sheria husimama mbele ya jaji bila hofu. Ana hati yake, ana mashahidi wake, ana stakabadhi yake, na wakili mwerevu hana pa kumshika. Aliyeruka sharti moja kwa haraka huenda akaipoteza kazi ya miezi, na mwovu wa kweli akatoka akicheka.

Shauri la Kuruma mwana wa Kaniu lilikuwa la risasi mbili, vitu viwezavyo kukaa katika kiganja kimoja. Lakini lilizilazimisha nchi nyingi kujiuliza kama yatosha serikali iwe na haki juu ya kile ilichokiona, au yapasa iwe na haki pia katika namna ya kukitafuta. London ilijibu kwamba la kwanza latosha. Kenya, miaka hamsini na mitano baada ya hukumu ile kuchapwa, iliandika katika katiba yake kwamba halitoshi.